Darubini ya Jicho Moja

Jumamosi Ruhomvya anafungua belo pale Mwanga
na sote tunainama, mwalimu, mpagazi, nesi wa zamu,
viuno juu, vichwa ndani ya harufu ile
ya dawa na safari na makabati ya watu wa baridi.
Kwenye rundo hakuna cheo.
Sweta la kijani nililikosa kwa kupepesa tu:
mkono wa binti mmoja ulinitangulia.
Akacheka, nikacheka, nikaendelea kuchimba.

Chini kabisa, ndani ya soksi ya sufu,
kitu kigumu. Nikadhani chupa.
Darubini!
Jicho la kulia zima, la kushoto limepasuka
kama yai lililogongwa mara moja likaachwa.
"Hiyo imekuja kwa makosa," akasema Ruhomvya,
"mimi nauza nguo."
Basi niuzie soksi, nikamwambia,
kilichomo ukihesabu kuwa ni mguu.
Akataka elfu tatu. Tukamalizana kwa mbili na mia tano.
Soksi ya pili hatujaiona mpaka leo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchelewa.
Njia ya Kibirizi ni ileile, kapu lilelile,
ila nasimama juu ya mwamba
nimefumba jicho moja kama mlenga shabaha
asiye na nia ya kuua.
Mdiria ananing'inia hewani,
mabawa yanapiga, kichwa hakitikisiki,
kana kwamba kimeshikizwa kwa pini.
Halafu jiwe.
Halafu pete juu ya maji, na samaki mdomoni.
"Mama Nestori, unapeleleza mpaka?"
Kongo ipo palepale, nawajibu, laleni salama.

Na juzi, kabla jua halijapanda,
nimemwona fisi maji.
Usinibishie. Nestori amenibishia inatosha:
mara ni gogo, mara ni mbwa wa bwana forodha.
Gogo halijikuni shavu.
Gogo halishiki kaa kwa mikono miwili
likamla kuanzia miguu, taratibu,
na gamba likalitema kando kwa adabu
kama mgeni anayekuta jamvi limefagiliwa.
Maji yalimtiririka masharubuni.
Akainua uso, akanitazama.
Macho hayana pazia:
mimi huku, yeye kule,
katikati kioo kimoja kizima.
Sikumbuki nilipumua.
Kisha akateremka, na ziwa likafunga mlango
bila hata kubamiza.

Nilipofika mwaloni migebuka ilikuwa imechaguliwa,
imebaki minne, myembamba, ya kuhurumiwa.
Nikaichukua bila kubishana bei.
Muuzaji akanitazama kama mgonjwa.

Nyumbani nikabandika mawese,
nikayaacha yachemke mpaka wekundu ukalainika
na jirani akakohoa upande wa pili wa ukuta.
Kitunguu. Nyanya mbili zilizoanza kukata tamaa.
Pilipili nzima, isipasuke,
ielee tu juu kama mtu anayesikiliza mazungumzo.
Migebuka mwisho, maana haitaki kusumbuliwa.
Mkono mmoja kwenye mwiko, unga wa muhogo unavuta,
mkono wa pili unamwonyesha Nestori
jinsi kaa alivyoshikwa, hivi, na hivi,
mwiko ukasahauliwa.

"Mama, ugali una madonge."
Una habari, nikamwambia. Kula.

Akala. Njaa ya shule haina ubishi.
Akamshika mgebuka kwa mikono miwili,
akaanzia mkiani, taratibu,
mawese yakimng'aa juu ya mdomo
pale ndevu zinapofikiria kuota,
na mwiba akautoa, akauweka kando.
Nikafumba jicho la kushoto.

"Unatazama nini?"

Kula, gogo wee.